Mawindo ya Esteria

Kule Kakese, ukitaka Yotham anyamaze ilibidi umpe ugali wa moto, na hata hapo ulikuwa unapata nafuu ya tonge moja tu. Mzee huyu alikuwa na maoni juu ya kila chenye mtutu na kila mwenye cheo. Alikuwa mwindaji, Mkonongo wa kuzaliwa na kukulia humo humo, na gobore lake alilirithi kwa baba yake. Lilikuwa refu kuliko mke wake, la kushindilia baruti kwa mbele, na kitako chake kilifungwa waya wa shaba pale kilipopasuka. Lilikaa juu ya vigingi viwili ukutani, na leseni yake ilitunzwa ndani ya kopo la maziwa ya unga ili mchwa wasiifikie.

"Gobore lina risasi moja," alikuwa akimwambia yeyote aliyefanya kosa la kukaa. "Risasi moja inamfundisha mtu adabu. Lazima umsogelee mnyama mpaka umwone kope. Ukikosa, wewe unaanza kushindilia upya, na yeye keshafika mto Ugalla. Sasa hawa wageni wanaokuja na bunduki zenye vioo, wanampiga nyati hata harufu ya sabuni yao hajaisikia. Ule nao ni uwindaji?"

Bunduki za kumimina risasi, zile ambazo majambazi walikuwa wakivuka nazo kutoka kwenye vita vya nchi jirani, hakutaka hata kuziita bunduki. Alisema ni chuki iliyofungwa mkanda wa kubebea, na kwamba aliyeitengeneza hakuwahi kuwa na njaa ya nyama.

Aliyeweza kumjibu alikuwa jirani yake Ng'wandu, Msukuma aliyehamia pale na ng'ombe wake, ambaye kwa kuwinda hakujua kingine zaidi ya upinde. Walikuwa watani, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na ruhusa ya kumtukana mwenzake bila kosa.

"Mshale hauna kelele, mtani," Ng'wandu alisema. "Mimi nikikosa, swala anaendelea kula majani yake, najaribu tena. Wewe ukikosa, kijiji kizima kinajua leo kwa Yotham watu wanakula mlenda."

"Na ukipata? Mnyama anatembea na mshale wako mchana kutwa, anajiuliza amekukosea nini. Bunduki inamaliza neno pale pale. Hiyo ndiyo heshima."

Mwaka ule wa tisini na tano, siasa nayo iliingia kwenye ubishi wao, maana uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa unakuja na malori yenye vipaza sauti yalishaanza kupita. Yotham alisema chama kimoja ni sawa na gobore, linakupa nafasi moja, basi ni lazima ulenge vizuri. Ng'wandu akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo mwenye mishale mingi ndiye mpinzani? Haya, mimi natafuta kadi yangu!" Siku hiyo Yotham alisingizia mbuzi wamefungulika, akaondoka.

Esteria, mkewe, alikuwa na dawa yake. Mume akikohoa kile kikohozi cha kuanza hotuba, yeye alichukua ndoo na kwenda kisimani. Nyumba yao haikuwahi kukosa maji.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Yotham hakuwahi kulibishia hata siku moja, nalo ni miiko ya nyumbani. Mwindaji akiwa porini, mkewe humtunzia miiko. Hafagii ndani wala uani, kwa sababu atafagia nyayo za mumewe na kumpoteza njia. Hamgawii mtu moto wa jikoni kwake. Na kubwa kuliko yote, hagombani na mtu, hata akitukanwa mlangoni kwake, maana ugomvi wa nyumbani humfuata mwindaji huko aliko na kumtikisa mkono. Yotham akirudi na nyama alifyatua risasi moja hewani akifika kijitoni, na Esteria akiisikia ndipo aliposhika ufagio. Akirudi mikono mitupu, alikuja kimya, akatundika gobore, akaketi, kisha akauliza, "Umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu, Baba Natalia."

Yotham aliguna mguno wa mtu ambaye hajaridhika ila ameamua kusamehe. Ilikuwa hivyo tangu wakiwa vijana.

Kiangazi kile Esteria alikuwa na uvimbe tumboni. Aliuficha chini ya kitenge mpaka akashindwa kuinama kuwasha moto. Hospitalini Mpanda walimpima, wakasema aende Tabora akapasuliwe. Binti yao Natalia, aliyeolewa Kawajense, mjini huko huko Mpanda, angempeleka kwa treni. Yotham naye alishatoa shati lake la safari, na alishaanza kupanga atakayomweleza daktari kuhusu kunoa kisu, kwa sababu juu ya visu pia alikuwa na maoni.

Esteria alikuwa anakunja khanga zake kitandani. Hakuinua kichwa. "Wewe huendi."

"Siendi vipi?"

"Utagombana na daktari kabla hajanawa mikono." Akaikunja khanga ya mwisho. "Nimekutunzia miiko tangu siku uliyonioa, Baba Natalia. Safari hii anayekwenda porini ni mimi. Nitunzie."

Yotham alicheka. Mwanamume kutunza miiko, nani alishasikia! Halafu akaona kwamba mkewe hacheki, na kwamba ile khanga ameikunja na kuikunjua na kuikunja tena.

"Naogopa," Esteria akasema. Hakuwahi kulisema neno hilo, hata mwaka ule simba alipolala nyuma ya choo chao.

"Nitakutunzia," Yotham akasema. Shati la safari akalirudisha kwenye kigingi.

Alimpeleka stesheni Mpanda kwa baiskeli, akiisukuma polepole sehemu za mabonde ili asimtikise. Treni ilipopiga honi alikuwa na mengi ya kumwambia, kuhusu wezi wa mabehewani, kuhusu maji ya Tabora, kuhusu kwamba anampenda, jambo ambalo hakuwahi kulitolea maoni. Lakini alihofu kwamba akifungua mdomo, mwisho wake atagombana na yule mkata tiketi aliyekuwa akisukuma watu. Akaanza kutunza pale pale. Alimshika mkewe mkono dirishani na akauachia behewa lilipoanza kusogea.

Siku za mwanzo aliona ni mchezo. Kutofagia, mwanamume gani anashindwa? Vumbi liliingia, maganda ya mihogo yakalala yalipoangukia, jivu likatambaa kutoka mafigani hadi chini ya kitanda. Jirani yao Thacienne, Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba aliyeolewa pale kijijini, alikuja na kigae kuomba kaa la moto kama alivyozoea. Yotham alimwangalia, akaangalia moto, akaingia ndani, akatoka na kiberiti kizima na kumpa. Thacienne alikwenda zake akikigeuzageuza mkononi, asijue kama amepewa zawadi au amefukuzwa.

Kilichomshinda ni mdomo. Hakujua kwamba kwa siku moja mtu anachokozwa mara nyingi kiasi kile. Kuku wa jirani wanaparua mbegu. Lori linapita na kipaza sauti na uongo mtupu. Redio inasema bei ya tumbaku. Kila mara Yotham alihisi neno likipanda kooni, na kila mara alilimeza, nalo lilishuka kwa shida kama kiazi kikavu. Mchana mmoja, ameketi mlangoni na tumbo limejaa maneno, likamjia wazo la Esteria ameketi mlango huo huo, mwaka baada ya mwaka, akiyameza ya kwake. Na watu walikuwa wakimchokoza, alijua. Mama yake Yotham mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi kama upupu. Yotham alikuwa porini akifuata nyayo, akidhani kwamba kazi ni ile anayoifanya yeye.

Ng'wandu alikuja jioni kama kawaida, akakaa kwenye gogo lake. "Mtani, nimefikiri sana. Bunduki ni silaha ya waoga."

Yotham alitazama milima. "Inawezekana," akasema.

Ng'wandu aligeuka haraka. Alimtazama macho, akamgusa paji la uso. Hakukaa hata nusu ya muda wake wa siku zote. Kesho yake asubuhi alileta kibuyu cha maziwa na kuulizia kama mtani anapata choo vizuri.

Natalia alituma salamu kwa mtu aliyekuwa akirudi na treni. Mama anapasuliwa Alhamisi asubuhi. Na alfajiri ya Alhamisi hiyo hiyo mgambo akapita nyumba kwa nyumba akitangaza mkutano wa kijiji wa asubuhi ile, na kwamba kila mwenye gobore aje nalo, pamoja na leseni yake.

Alikuja bwana mmoja kutoka wilayani, mwenye suti ya kaunda na sauti ya upole. Alieleza kwamba uchaguzi umekaribia, kuna wasiwasi, kwa hiyo magobore yote yatahifadhiwa kwenye stoo ya kata mpaka mambo yatulie, kijiji kikikubali. "Mwenye neno aseme," akamaliza, na akaangalia saa yake.

Watu wote waligeuza shingo kumtazama Yotham. Wenye magobore wenzake waliketi mstari wa mbele, wametulia kabisa, maana waliijua hotuba hiyo na wengine waliweza hata kuisema pamoja naye. Miaka yote alikuwa akiwaambia kwamba bunduki ikishavuka mlango wa ofisi hurudi ikiwa karatasi. Kando yake alikaa Method, mtoto wa marehemu mdogo wake, ambaye Yotham ndiye aliyemfundisha kushindilia. Method alimsukuma kiwiko. "Haya, baba mkubwa. Waambie."

Yotham alisimama. Maneno yalikuwapo, tena yamejipanga mazuri kuliko siku yoyote. Nguruwe wanaokula mihogo yetu hawasubiri uchaguzi. Mwenye leseni jina lake mnalo, picha yake mnayo, hata jina la baba yake mnalijua. Mnamnyang'anya anayejulikana na kumwachia asiyejulikana. Serikali inayomwogopa mtu mwenye risasi moja na shamba la mihogo, basi inamwogopa raia wake. Kila neno lilikuwa la haki, na alijua kwamba akiyasema yote kijiji kitapiga makofi na yule bwana ataondoka bila hata baruti ya kunusa.

Lakini Yotham alijijua. Hakuwahi kuzungumza kwenye mkutano bila kugombana. Huanza kwa "ndugu mwenyekiti" na kuishia kwa kidole puani mwa mtu. Jua lilikuwa limepanda kidogo tu, na saa hiyo hiyo, huko Tabora, Esteria alikuwa amelala juu ya meza na tumbo lake wazi, na mkono wa mtu asiyemjua ulikuwa ndani yake na kisu. Mkono huo usitikisike. Alijikuta anauwaza mkono ule tu. Usitikisike, usitikisike.

"Baba mkubwa," Method akanong'ona.

"Sina neno," Yotham akasema.

Mwenyekiti aliuliza tena, mara ya pili, kwa huruma. Yotham akatikisa kichwa, akaenda mbele na kulilaza gobore la baba yake juu ya meza. Alilipapasa pale penye waya wa shaba, akaliachia. Baada yake nani angebisha? Wenzake wakafuata mmoja mmoja, bila kumtazama.

Method alimngojea njiani. Macho yalikuwa mekundu. "Umetuuza, baba mkubwa. Wamekupa nini? Kofia? Fulana? Marehemu baba angekuwa hai angetema mate."

Yotham alipita. Alipofika nyumbani aliketi mlangoni katikati ya takataka zake, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke kwa sababu machozi hayakuwa kwenye miiko.

Ng'wandu alimkuta pale. Alikuwa amekuja kumgombeza, na midomo alishaitayarisha. Lakini alisimama uani, akatazama majani yaliyojaa mpaka kizingitini, jivu lililotambaa, maganda, nyayo za kuku juu ya nyayo za kuku. Ng'wandu naye alikuwa mtoto wa mwindaji. Aliwahi kuiona nyumba ya mama yake ikiwa hivyo.

"Mtani," akasema taratibu. "Nani yuko porini?"

"Esteria."

Ng'wandu aliketi kwenye gogo lake. Hakusema kitu tena. Walikaa wawili, watu wawili wenye maneno mengi kuliko wote Kakese, mpaka ng'ombe waliporudi. Kisha Ng'wandu akainuka, akachukua fimbo yake, akaelekea upande wa kwa Method.

Yotham aliendelea kutunza. Habari kwamba Esteria ametoka salama kwenye chumba cha upasuaji ilimfikia, lakini mwindaji aliyepata mnyama bado hajafika nyumbani, na njiani kuna mengi. Hakufagia. Wenye magobore walipompita bila salamu, yeye aliwasalimu.

Mchana mmoja alikuwa anachambua maharage mlangoni aliposikia sauti upande wa kijitoni. Kilikuwa kigelegele. Kimoja tu, chembamba, kilichokatika katikati kwa mtu aliyekosa pumzi. Yotham alisimama na maharage yakamwagika yote. Hakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Aliutafuta ufagio, akaupata nyuma ya mtungi, akasimama nao mlangoni.

Walitokea kwenye kona ya njia, Natalia mbele na mizigo kichwani, nyuma yake Method akisukuma baiskeli polepole sana, na juu ya kiti cha nyuma Esteria, amepungua, amejifunga khanga mbili tumboni. Method alikuwa amekwenda kumpokea stesheni. Alimsaidia kushuka, akamtazama baba yake mkubwa, akainama kuokota maharage.

Esteria aliingia uani. Aliangalia chini, akaangalia ndani, akaona jivu limefika kitandani. Alianza kucheka, akashika mshono. "Yesu wangu. Yotham. Umetunza kweli."

"Ulisema nitunze."

Akainua macho ukutani, kwenye vigingi viwili vitupu. Alivitazama kwa muda mrefu. "Method kanieleza njiani," akasema. "Hukusema kitu? Wewe?"

"Ilikuwa Alhamisi."

Esteria aliweka kiganja chake kwenye shavu la mumewe, mbele ya watu, mchana, jambo ambalo halikufanywa pale Kakese. Yotham aliufunika mkono ule kwa mkono wake na kufumba macho.

Kisha mkewe akaketi taratibu kwenye kigoda. "Haya, nimefika. Miiko imekwisha. Fagia, na useme. Yote. Sina nguvu ya kubeba ndoo, kwa hiyo leo nitakusikiliza."

Yotham akafagia. Alianza uani, kwa kufagia kubaya kwa mtu asiyezoea, na akasema: juu ya stoo za kata na bunduki zinazogeuka karatasi, juu ya barua atakayomwandikisha mwalimu, juu ya wenye suti na wenye vioo na wenye vipaza sauti. Alikuwa mkali, alikuwa na furaha, vumbi likamfunika hadi nyusi. Esteria alisikiliza neno kwa neno. Alipofika chini ya vigingi vile, Yotham alisimama, akaegemea ufagio.

"Mama Natalia," akasema kwa sauti nyingine. "Zile siku nilizorudi mikono mitupu. Nikawa nakuuliza umegombana na nani."

"Ehe."

"Sikujua kwamba ni kazi namna hii. Miaka yote hiyo, hata mara mbili tatu tu kuteleza, nani angekulaumu?"

Esteria alimtazama kwa upole mwingi.

"Sikuteleza hata mara moja, Yotham," akasema. "Wewe ulikuwa unakosa mwenyewe."

Yotham alifungua mdomo. Miiko ilikwisha, aliruhusiwa kubisha kadiri atakavyo. Aliangalia vigingi, akamwangalia mkewe aliyerudi akiwa hai.

"Lile gobore," akasema mwishowe, "lilikuwa linavuta kushoto."

Esteria akacheka huku ameshika mshono kwa mikono miwili, anaumia na anacheka, na Natalia akaja mbio kutoka jikoni kuuliza kuna nini. Yotham akashika tena ufagio na kuendelea na pale alipoachia.